Mbwa wa Diani na Josho Lililonipita

Marahaba, wanangu. Kaeni. Huyo mbwa mfungeni kivulini kwanza, mkampe maji ya kunywa, kisha ndiyo mje kunipa mimi habari. Nimewasikia tangu mlipoanza kazi yenu pale Kona ya Musa: tuktuk imepakwa rangi, tangi la maji juu, mashine ya kupuliza upepo wa moto, na mafuta ya kunukia utadhani mnamwandaa bibi harusi. Mjukuu wangu kaniambia mnataka kujua tulivyofanya sisi tuliokuwa tukiosha mbwa kwa baiskeli. Nitawaambia. Lakini nasema mapema, nusu ya maneno yangu ni ya mbwa na nusu ni ya Baba yangu, wala sijui kuyatenga. Mwenye haraka na aende zake, sitamkasirikia sana.

Mimi ni Bakari wa Mwamanga. Ukiulizia Bakari tu, utaonyeshwa watu wengi. Ukiulizia Bakari wa Mbwa, utaletwa hapa moja kwa moja. Jina hilo walinipa kwa dhihaka, nami nimezeeka nalo.

Miaka ile bendera mpya ilikuwa imepandishwa juzijuzi tu, na huko ufuoni Diani kulikuwa msitu, nyani, na nyumba za Wazungu za kuhesabika. Wengi walikuwa wazee waliouza mashamba yao bara wakaja kupumzika pwani, na mbwa wao wakaja nao. Mbwa wa baridi hao, manyoya mazito, wameletwa kwenye joto hili la kwetu ambalo hata shati halikauki mgongoni. Mimi nilikuwa kijana wa bustani kwa memsabu mmoja mjane. Mbwa zake walitunzwa na Mzee Mutiso, Mkamba aliyetoka naye bara, mtu mzima, mgongo umeshakataa kuinama. Siku moja akaniita nimshikie mbwa.

"Wewe Mdigo," akaniuliza, "unaogopa mbwa ama unaogopa Mungu?"

"Namwogopa Mungu," nikasema.

"Hiyo ni sawa. Mwenye anaogopa mbwa ndiye siwezi kumfundisha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baadaye jirani wa memsabu akataka nami nimwoshee wake, na jirani wa jirani vivyo hivyo, hata nikaacha bustani. Nikapata baiskeli kuukuu, nikafunga sanduku la mbao kwenye karia: sabuni ya kipande, dodoki, vitana, mkasi, karai, na vipande vya kanga zilizochoka za kukaushia. Nikawa nakwenda nyumba kwa nyumba, Tiwi mpaka Galu, na mara mojamoja mpaka Msambweni. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa kuvua samaki kule kisiwani Funzi, akinivushia mbwa wake mpaka Bodo nimwoshee ng'ambo ya huku. Mara ya kwanza nilimwosha mbwa yule akang'aa, nikamchana, nikarudi nyuma kumtazama vizuri. Akanitazama na yeye. Kisha akakimbia akajitosa kwenye tope la mikoko, akatoka mweusi ti, anatingisha mkia. Watu wa Bodo walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo, mbwa wa Bodo simfungui kamba mpaka ameshaingia ndani ya mashua.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana naona mashine yenu inawadanganya.

Kwanza nusa masikio. Kabla ya sabuni, kabla ya maji, inama umnuse. Joto la hapa na unyevu wa hapa huozesha sikio la mbwa mwenye masikio ya kulala upesi kuliko unavyodhani. Ukisikia harufu ya mkate uliochacha, hapo pana ugonjwa, usilowanishe. Mimi nilikuwa nikiziba kwa usufi kabla ya kumwaga maji, na nikimaliza nafuta kwa usufi mkavu. Pili, maji. Visima vya karibu na ufuo vina chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, na mbwa akikauka anajikuna usiku kucha. Ombeni maji ya mvua ya tangini, au mchote kwenye visima vya huku vijijini. Tatu, mkaushe mpaka ndani kabisa, chini ya ukanda wa shingo, kwenye makwapa, katikati ya vidole. Mbwa wa bara akilowa anakauka mwenyewe. Wa hapa anabaki mbichi ndani, na siku ya tatu unaitwa kuonyeshwa kidonda kikubwa kama sahani. Viroboto tuliwatoa kwa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yakapoa. Kupe tuliwapaka mafuta ya nazi ndipo tukawang'oa, na siku hizi naambiwa na daktari wa mifugo kwamba tulikosea. Haya, tulikosea. Hatukuwa na wa kutuambia.

Na msimnyoe mbwa wa manyoya mazito. Nawaona mnataka kuniuliza, maana ndilo kila mtu analolitaka msimu wa joto la kaskazi. Mimi nililifanya. Palikuwa na dume moja kubwa, manyoya ya kahawia, linahema mchana kutwa ulimi nje. Nikalionea huruma. Memsabu alikuwa safarini Mombasa, Mzee Mutiso amelala. Nikachukua mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo nikalinyoa lote, mgongo mpaka mkia, nikabakisha kichwa. Mzee Mutiso alipoamka akasimama mlangoni.

"Bakari," akasema, "nani alikuambia huyu ni kondoo?"

"Joto, Mzee. Nimempunguzia joto."

"Hiyo koti yake ndiyo inamzuia jua. Sasa umemvua nguo katikati ya jangwa."

Kweli mgongo uliungua, ukatoka malengelenge. Ikabidi dume lile livishwe shati la marehemu bwana wa memsabu, lenye vifungo, kutwa kucha, kaskazi nzima. Likawa linatembea ufuoni na shati lake la mistari, na wavuvi wakilisalimia. Mnacheka. Mimi nilikuwa nikilipaka mafuta ya nazi kila jioni nikiona aibu hata ya kulitazama machoni.

Sasa nije kwenye lile jingine.

Mimi ni Mwislamu, mwana wa Waislamu, na nyinyi wengine pia. Mnajua mbwa aliyelowa akikugusa lazima uoshe palipoguswa mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Nyinyi mnavaa glavu mpaka kwenye viwiko, mambo yenu mepesi. Mimi nilikuwa nalowa kuanzia kidevu mpaka miguuni, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo niliweka desturi yangu. Nguo za kazi zilikaa kwa Mzee Mutiso. Kila nikimaliza kazi nilikwenda kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya chumba chake, nikachukua udongo msafi, nikajiosha kama dini inavyotaka, nikavaa kikoi changu kisafi, ndipo nikapanda baiskeli kurudi nyumbani. Sikuwahi hata siku moja kuingia uwanja wa Baba na unajisi.

Lakini watu ni watu. Kwenye baraza la kahawa kikombe changu kilitengwa, kikafunikwa pembeni. Wenzangu walinisalimia kwa mdomo, mikono wameificha nyuma. Kaka yangu Salimu, mkubwa wangu, fundi wa cherehani pale Ukunda, naye alikuwa hivyohivyo. Tulikula nyumba moja miaka mingi bila yeye kunipa mkono wake. Hakuwa mbaya. Alikuwa akiona haya mbele ya wateja wake.

Na kilichozidisha maneno ni kazi ya Baba. Baba alikuwa mwosha. Mwanamume akifariki Mwamanga au vijiji vya jirani, ndiye aliyeitwa kumwosha maiti. Basi watu wakasema, baba anaosha waja wa Mungu, mwana anaosha majibwa. Nilidhani Baba atanikataza kazi. Badala yake aliniita ukumbini, akaniuliza maswali ya kazi kwa kazi. Unaanza wapi? Maji unayapima vipi? Unamgeuza vipi akiwa mzito?

"Namgeuza polepole, Baba, namshika tumbo na bega. Maana akiumia hawezi kuniambia."

Baba akacheka. "Hata wangu hawajawahi kunilalamikia," akasema.

Baada ya hapo alinifunza mkono wake. Maji usiyamwage kutoka juu, yapokee kwa kiganja kwanza, kisha yateremke. Mkono wa mtu uinue kama unaouma, hata kama umekwisha kuacha kuuma. Nikawa naosha mbwa wa Wazungu kwa mkono wa Baba yangu, na Wazungu wanasifu, wanasema Bakari ana mkono mwepesi. Sikuwaambia nimejifunza wapi.

Lakini yale ya barazani yaliniingia, wanangu. Mtu akitengewa kikombe kwa muda mrefu, mwisho naye huanza kujitenga na mwili wake. Nikaanza kupata wasiwasi kisimani. Najiosha, namaliza, nakanyaga pedeli, nasimama: je, pale nyuma ya kiwiko palifika maji? Narudi. Naanza upya. Mikono ikachubuka kwa udongo. Maalim Omari, imamu wetu, akaiona siku moja msikitini, akanivuta pembeni.

"Bakari, dini haikukutaka uchubuke. Osha ilivyoamriwa, kisha nenda. Zaidi ya hapo ni shetani anakuchezea."

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia, ila sikuweza.

Miaka ikaenda. Wazungu wengine wakauza wakaondoka, wakaja wakubwa kutoka Nairobi na mbwa wa ulinzi ambao hawakuwahi kushikwa na mtu kwa mapenzi. Mkubwa mmoja alitaka nimwoshe mbwa wake kwa mpira wa maji, nikiwa mbali, kama gari. Zikaja poda za mikebe za kuua viroboto, zikatuua mapua sisi. Memsabu alifariki, Mzee Mutiso akaachiwa chumba chake na kisima. Ndipo Baba akapooza upande mmoja.

Alilala muda mrefu. Akili yake ilikuwa timamu, na ulimi ulikuwa mzito lakini alisikika. Jioni moja alituita, mimi na Kaka Salimu, na Maalim Omari akiwa amekuja kumjulia hali.

"Siku yangu ikifika," Baba akasema, "Bakari ndiye ataniosha. Salimu atamimina maji."

Kaka Salimu akainama. "Baba," akasema taratibu, "kwa mikono ile?"

"Kwa mikono ile."

Kaka akamgeukia Maalim, kwa adabu, akamwomba aseme neno. Maalim Omari akasema najisi ikishaoshwa imekwisha, na kwamba katika watu wa Mwamanga hajui mwenye mikono iliyooshwa kuliko yangu. Kaka Salimu akaitikia kwa kichwa. Sikujua amekubali au amemezea.

Nataka mfahamu jambo hili lilikuwa na uzito gani kwangu. Kwetu, mtoto kumwosha baba yake ni haki yake, na ni daraja. Nami nilikuwa mtu wa kikombe cha pembeni. Baba alikuwa amenitaja mbele ya imamu na mbele ya kaka yangu, kwamba mikono hii, hii, ndiyo anayoitaka imguse mara ya mwisho. Sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka hicho. Nilikuwa nikilala nikipanga nitaanza vipi, nitamgeuza vipi upande ule uliopooza.

Baba aliniambia mwenyewe niendelee na kazi, nisikae nikimlinda. Basi asubuhi ile nilikuwa Diani, kwenye nyumba ya mmoja wa wale wakubwa, nina mbwa mkubwa povu mwili mzima. Jirani yetu Kassimu akafika na baiskeli, akasimama nje ya ua, hakuingia.

"Bakari, pole. Baba ametutoka. Wamesema wewe ndiye unayengojwa. Njoo upesi."

Nikasema innalillahi, nikaachia kichwa cha mbwa. Nyinyi mnajua mbwa hujikung'uta kuanzia kichwani. Ukimshika pua hawezi. Mimi nilijua kuliko mtu yeyote, na nikamwachia. Akajikung'uta hapo hapo, povu likaniruka usoni, na likaruka mpaka kwenye baiskeli ambako siku hiyo nilikuwa nimetundika kikoi changu kisafi, maana nilitaka kunawia pale pale, nipitie moja kwa moja kumtazama Baba mchana.

Kassimu akasema tena, "Njoo hivyo hivyo, Bakari." Nikamwambia atangulie.

Hivyo hivyo vipi? Ningeingia vipi kwa Baba hivyo hivyo, siku hiyo kuliko siku zote? Nikaenda kisimani. Mzee Mutiso, mzee kabisa sasa, alipoona uso wangu akaja kunichotea maji. Nikaosha kikoi. Nikajiosha mimi. Nikiwa katikati nikapotelewa na hesabu: hii ni ya sita au ya saba? Udongo niliutia, au nimeukumbuka ule wa jana? Nikaanza upya. Nikafika mwisho, nikatazama kikoi, nikaona kama nimekigusa kabla mikono haijatakasika. Nikaosha kikoi tena. Kisha mikono tena, kwa sababu nimeshika kikoi.

"Bakari," Mzee Mutiso akasema, "babako anangoja."

"Mara moja tu, Mzee. Nimimine."

Akamimina. Nikasema tena. Akamimina. Nikasema tena. Akaweka ndoo chini, akakaa juu ya ukingo wa kisima, amechoka.

"Mimi si Mwislamu," akasema, "lakini hii sasa si dini. Maji sichoti tena."

Nikaishika kamba, nikachota mwenyewe. Nilikuwa nalia na kujisugua, wanangu, nafikiri mikono ile ya kumshika Baba lazima isiwe na doa hata la fikra. Nilikuwa naliona baraza zima limesimama linanitazama vidole. Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyonitoa pale.

Nyinyi mnajua joto letu. Na Baba mwenyewe, miaka yote ya kazi yake, alikuwa akiwaambia watu kwamba maiti haiwekwi, hata aliye mbali asingojwe sana. Nilikanyaga baiskeli na kikoi kilicholowa, na kila mtu niliyempita njiani alikuwa amevaa kofia anaelekea kwetu.

Nilipoingia uani nikaona mfuo, lile shimo wanalochimba la kupokea maji ya kuoshea, vijana wameshaanza kulifukia. Kaka Salimu alikuwa nje ya pazia, mikono ya kanzu ameikunja, maji yanamdondoka kwenye viwiko. Macho yake mekundu.

"Tumekungoja," akasema. "Nimewasimamisha watu mpaka wakaninung'unikia. Maalim akasema Baba mwenyewe asingeridhika. Nimemwosha mimi, Bakari. Sikujua namna ya kumgeuza."

Nikalitazama lile shimo linavyofukiwa.

"Nilikuwekea ndoo ya maji na udongo nyuma ya nyumba," akasema. "Nilijua ungekuja mbio kutoka kazini. Ungenawia hapa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanawa," nikamwambia.

Alinitazama mikono, ngozi imetoka, damu inachuruzika kwenye viungo vya vidole. Akanyoosha mkono wake uliolowa akaushika wangu, akaniingiza ndani nimwone Baba usoni kabla hawajafunga sanda. Nilimtazama. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuoshwa.